Fundi Aliyekatikiwa na Kazi na Haki Yake Katika Zaka

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, Mwenye kuikunjua riziki na kuikunja, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Watu wa pwani wajua tangu zamani maana ya kazi kusita. Baharia wa jahazi alingoja kaskazi na kusi, na mvuvi huzianika nyavu zake bahari ichafukapo. Walakini msimu una hesabu yake, na mwenye akili huweka akiba kwa kadiri ya siku zake. Kazi isitayo kwa ghafula, pasipo mwezi wa kuungojea, ni jambo jingine, na ndilo linalokusudiwa hapa. Mfano wake umechukuliwa bara, katika mji wa Arusha chini ya mlima Meru, kwa kuwa huko jambo hili lilidhihiri wazi kuliko mahali pengi. Na hukumu yake ni moja, bara na pwani.

Daraja Mbili ni kata ya mji huo, na wakazi wake wengi ni watu wa kujitafutia: mafundi, wachuuzi, madereva, wapagazi wa mlimani, wapishi wa safari. Arusha ni mlango wa wageni waendao Serengeti na Ngorongoro, na wengi wapandao Kilimanjaro hupitia huko. Mtu hudhani kwamba mgeni hula pamoja na kiongozi wake na dereva wake tu. Sivyo. Nyuma ya gari moja la safari yuko fundi wa kuchomelea vyuma, yuko dobi, yuko mwuza mboga apelekaye vikapu hotelini, yuko mchonga vinyago, yuko mama wa mgahawa awapikiaye hao wote. Mgeni asipokuja, hao hawaandikiwi barua ya kuachishwa kazi. Huamka tu wakaona mlango hauna mtu.

Siku ya 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania amepatikana Arusha. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa, na mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nchi za nje zikasimamishwa. Anga ilifunguliwa tena 18 Mei, walakini kufungua mlango si kuleta mgeni, maana nchi watokazo wageni nazo zilikuwa zimejifungia. Mwaka 2019 waliingia Tanzania wageni zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020 wakawa yapata 620,000. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Wenye kazi ya safari huijua miezi ya Aprili na Mei kuwa ya masika na ya kazi haba. Huila akiba yao wakiitazamia Juni. Mwaka ule akiba ililiwa kama desturi, na Juni ikaja mikono mitupu.

Basi na aletwe mtu wa mfano, naye aitwe Zaidi, kama ilivyo ada ya vitabu vya elimu, ambavyo vimemtia Zaidi katika kila mashaka ya dunia. Zaidi ni fundi wa turubai hapo Daraja Mbili. Ana cherehani mbili nzito, hushona mahema ya kambi na nguo za viti vya magari. Aliagizwa mahema, akanunua turubai kwa fedha yake, akashona, akapeleka. Mwenye kuagiza akamwambia, ngoja kidogo, wageni wamevunja safari na wanataka fedha zao. Kodi ya vyumba vyake, iliyolipwa miezi sita mbele, ikafika mwisho wake. Akauza kabati, akauza redio. Kisha akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, katika ile mikopo ambayo wakopaji wenyewe wameipa jina la kausha damu, akapewa shilingi 300,000 ili arudishe 390,000 baada ya mwezi, na cherehani moja ikawekwa rahani. Mwezi ukapita. Ile ya pili aliiuza mwenyewe kwa nusu ya thamani yake, maana wauzaji siku zile walikuwa wengi na wanunuzi hawakuwapo.

Ramadhani ya mwaka 1441 ilimkuta katika hali hiyo. Mwenye mali wa mtaa aligawa unga na tende mlangoni pa msikiti, akawapa wajane na vipofu, naye amefanya vyema. Zaidi alipita na kanzu yake safi, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaenda zake. Watoto wake walifuturu uji usio na sukari. Katika Sura ya Baqara Mwenyiezi Mungu amewataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri, kwa vile wanavyojizuia na kuomba. Wengi huisoma aya hiyo, na wachache huinua macho kutazama ni nani aliye karibu yao aliyekusudiwa.

Husemwa barazani: Mtu huyu ana nguvu, ana ufundi, ana vyombo nyumbani mwake, zaka haimhalalikii. Na msemaji huleta hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kwamba tajiri hana fungu katika zaka, wala mwenye nguvu awezaye kuchuma. Hadithi ni kweli, na kosa ni katika kuifahamu. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi'i wameeleza kwamba uwezo wa kuchuma unaomzuilia mtu zaka ni ule ambao kazi yenyewe imepatikana, tena kazi ya halali, impasayo mtu kama yeye. Mwenye nguvu asiyepata wa kumtumia, nguvu zake hazimtoi katika ufakiri. Zaka yamhalalikia, na Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, amelitaja hilo waziwazi. Mikono ya Zaidi ilikuwa mizima. Kilichokatika ni kazi.

Kadhalika nyumba akaayo mtu, na nguo zake hata zile za kujipambia, na ala za ufundi wake, havimfanyi kuwa tajiri. Fakiri kwa istilahi ya madhehebu ni yule asiye na mali wala chumo lenye kufaa kitu katika haja zake. Na maskini ni yule aliye nacho kitu lakini hakimtoshi, kama ahitajiye kumi naye ana saba. Hakuna katika tafsiri hizo mbili sharti la kuvaa matambara.

Ama kadiri ya kupewa, hapo ndipo watu wa zama hizi walipopungukiwa. Zaka imekuwa kibaba cha unga na noti moja iliyokunjwa, kila mtu apewe kidogo ili jina la mtoaji lienee. Lakini Imam Nawawi katika kitabu chake cha Majmuu ameeleza kwamba mwenye ufundi hupewa kiasi cha kununulia ala za kazi yake, iwe thamani yake ni chache au nyingi, na mfanya biashara hupewa rasilimali ambayo faida yake yamtosha. Hukumu hiyo imefuatilizwa mifano: mwuza mboga hupewa dirhamu tano au kumi, na mwuza vito hupewa hata dirhamu elfu kumi, ikiwa biashara yake haisimami kwa chini ya hizo. Na katika mafundi waliotajwa humo kwa ufundi wao yumo mshoni, yumo seremala, yumo mchinjaji. Mshoni! Kana kwamba aliyeandika Sham zaidi ya miaka 700 iliyopita ameiona cherehani ya Daraja Mbili ikitolewa nje kwa mkokoteni.

Iko hadithi ya Anas bin Malik, ameipokea Abu Daud, nayo hupendwa na wenye mali kwa sababu isiyokuwa yake. Mtu wa Ansari alikuja kuomba. Mtume (S.A.W.) akamwuliza kilichomo nyumbani mwake, akaleta tandiko na bakuli, vikauzwa dirhamu mbili, moja ya chakula na moja ya shoka, naye Mtume akaitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwagiza akakate kuni auze. Alirudi baada ya siku kumi na tano na dirhamu kumi. Hadithi hii husomwa ili kumkemea mwombaji: nenda kafanye kazi. Wasomaji hao huisahau shoka. Tena husahau kwamba Madina siku ile kulikuwa na watu wa kununua kuni. Na mwaka 2020 shoka zilikuwa nyingi na wanunuzi ndio waliokosekana. Mwenye kuitumia hadithi hii juu ya kichwa cha Zaidi, na aanze kwa kumpa dirhamu ya chakula, kisha siku wanunuzi watakaporudi amtilie mpini.

Yabaki madeni. Aliyeagiza mahema akayapokea, ikiwa anayo fedha na huahirisha tu, huyo ni dhalimu kwa nassi ya hadithi, na kila futari ya uji katika nyumba ya fundi ina mkono wake ndani. Ikiwa naye hana, basi ni mwiwa mwenye dhiki kama Zaidi, na hukumu yao ni moja: mwia amngojee mwiwa hata apate wasaa, hilo ni wajibu, na kumsamehe ni bora kuliko kumngojea. Mwenye nyumba ya kupanga naye yumo katika maneno haya. Ama mkopeshaji wa kausha damu, haki yake ni zile 300,000 alizotoa. Hizo 90,000 ni riba, hata angaliziita ada ya karatasi.

Na hapa pana hila ipasayo kutajwa. Baadhi ya wenye kudai humwambia mwiwa: Deni lako nimelihesabu kuwa zaka yangu, hunidai sikudai. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu, zaka hiyo haikutolewa. Ingali shingoni mwa mwenyewe. Njia iliyo safi ni kumkabidhi mtu zaka mkononi mwake bila ya sharti, kisha akipenda kulipa deni kwayo, alipe. Aliyekopa kwa haja ya halali, na muda wake umefika, naye hana cha kulipia, ana fungu lake mbali miongoni mwa yale manane, nalo ni fungu la wenye madeni.

Asije msomaji wa Tanga au Lamu akafunga fedha yake akaipeleka Arusha. Zaka, kwa kauli yenye nguvu zaidi ya madhehebu, haihamishwi kutoka mji ilipo mali madhali wastahiki wapo. Sadaka na karadha njema zaweza kusafiri. Zaka na imtafute Zaidi wa hapo hapo. Naye yupo: mwaka ule ule mwenye mashua ya kutembeza wageni Unguja na Malindi alikaa na mashua yake juu ya mchanga, na mchonga milango wa Lamu alikuwa na mbao na hana wa kumwagiza.

Wageni wamerudi. Mwaka 2023 walioingia Tanzania walizidi 1,800,000, na mahema yashonwa tena. Walakini zile cherehani hazikurudi pamoja nao. Zaidi sasa ashona katika duka la mtu mwingine, kwa ujira wa kutwa, juu ya cherehani ya kukodi. Apata saba naye ahitaji kumi, basi ni maskini kwa ile tafsiri iliyotangulia, na haki yake haikufutwa kwa kuwa aonekana akifanya kazi. Mwenye mali wa mtaa wake akitaka kumrudishia ala yake kwa zaka ya mwaka huu, asiende kuinunua yeye akamletea, kwani zaka ya fedha hutolewa kwa fedha, na mpokeaji ndiye amilikiye na kuamua. Ampe thamani yake mkononi, kwa faragha, na atie nia moyoni mwake. Wala si sharti amwambie kuwa ni zaka.

Wallahu aalam.