Daftari la Mwenye Duka



Kabla ya kuendelea kusoma, tunawaomba mfungue Biblia zenu mahali pawili: Mithali mlango wa 3, aya ya 27 na 28, kisha Nabii Amosi mlango wa 8, tangu aya ya 4 mpaka ya 7. Hatutaziandika hapa, maana ni vema kila mtu azisome kwa macho yake nyumbani kwake. Mahali pa kwanza mwenye hekima anatukataza kumwambia jirani aende akarudi kesho, hali haki yake tunayo mkononi leo. Mahali pa pili nabii anawakemea wafanya biashara waliotamani Sabato iishe upesi, wapate kufungua, kupunguza kipimo na kuzidisha bei.

Huenda mwingine akauliza: Je, tumekuja kusoma gazeti la Kanisa ili tupate habari za mchele na sabuni? Naam, ndizo hizo. Bwana wetu mwenyewe alinena mara nyingi juu ya vipimo, na wadeni, na watu waliosimama sokoni wakingoja kazi. Alijua kwamba mtu hujulikana alivyo penye meza ya duka kuliko penye benchi la Kanisa.

Sisi tunaokaa Mangapwani tunasafiri zaidi ya kilomita 20 kwenda mjini kusali Mkunazini. Njiani kila mwaka tunaona jambo jipya. Chuini pana soko jipya, kama yalivyojengwa mengine Jumbi na Mwanakwerekwe. Njia ya Bububu imejaa maduka yenye milango ya vioo. Michenzani, karibu na yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, pana majengo ya maduka ya ghorofa, yenye ngazi zinazopanda zenyewe. Hata Darajani, ambapo soko kuu limesimama tangu 1904, pembeni mwake limeota jengo la maduka la kisasa liitwalo Darajani Souk. Na huku kwetu Serikali imepachagua Mangapwani kuwa mahali pa bandari kubwa, ya makontena na ya mafuta na gesi. Bandari ikija, maduka yatafuata kama inzi wafuatavyo halua.

Wako wanaonung'unika kwamba dunia imeharibika. Sisi hatusemi hivyo. Sisi ni watu wa umri wa miaka sitini na zaidi, na tunakumbuka miaka ya sabini, tulipotumwa na mama zetu alfajiri kupanga foleni ya mchele wa mgao kwenye duka la serikali, tukarudi saa nne na kikapu kitupu. Tunakumbuka furaha ilivyokuwa biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, tukaona tena kanga na mafuta ya kupikia dukani. Mtu aliyepanga foleni ile hawezi kuyalaani maduka yaliyojaa. Tena duka kubwa lina sifa zake. Bei imeandikwa, wala haibadiliki kwa kuutazama uso wa mnunuzi. Maskini na tajiri wanalipa sawasawa. Vijana wetu wa kike na wa kiume wamepata kazi humo. Na tusijidanganye kwamba maduka ya zamani yalikuwa ya malaika: yalikuwako mawe ya mizani yaliyopungua, na sukari iliyofichwa uvunguni ikingoja bei ipande.

Basi shida iko wapi? Tutaieleza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Kijijini petu liko duka dogo la mzee mmoja, Mwislamu mcha Mungu, jirani yetu wa miaka mingi. Lina baraza lenye benchi, mizani ya zamani, kopo la kupimia mafuta, na daftari la mistari lililoshonwa upya kwa uzi. Tulipokuwa tukisomesha skuli, na mshahara ukichelewa, tulikwenda kwake. Alikuwa akisema, "Mwalimu, chukua tu, nitaandika." Aliandika mchele, akaandika sukari, akaandika boflo za watoto. Mwaka mmoja aliandika unga na mafuta ya Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, na asubuhi ya sikukuu akaja yeye mwenyewe barazani kwetu kutupa mkono. Hakuuliza tunasali wapi. Sisi nasi siku ya Iddi tulikuwa wa kwanza kupiga hodi kwake.

Tulipostaafu, tukapokea kiinua mgongo chetu. Ndipo tulipoanza kwenda mjini kununua vitu kwa jumla katika maduka makubwa. Tulilipa fedha taslimu, hatukuomba kupunguziwa hata senti, na kijana aliyepokea fedha hatukumjua jina. Deni la mzee lilikuwa bado liko kurasani. Tulisema moyoni, "Yeye ni mtu wetu, atangoja."

Siku moja tulirudi jioni pamoja na mjukuu wetu, mikononi tuna mifuko ya vitu. Tukamwomba dereva atushushe kabla ya kituo chetu, tukashika njia ya shambani, kati ya minazi. Mtoto akauliza, "Babu, mbona leo hatupiti njia ya dukani?" Tukamjibu kwamba njia hii ina upepo mzuri. Ndugu zetu, tumefundisha watoto miaka zaidi ya thelathini kwamba uongo ni dhambi. Jibu lile halikutuacha kulala.

Kesho yake tulikwenda dukani, tukaliomba lile daftari tulipe. Mzee akalifunua bila ya kusema neno. Jina letu lilikuwa katika kurasa tatu. Lakini hatukuwa peke yetu. Tuliona majina ya watu wengi tunaowajua, wengine wenye nyumba za bati jipya, wengine wenye vyombo vya moto. Tukaona na jina la bibi mmoja wa kijijini aliyekwisha kufariki. Deni lake lilikuwa limepigwa mstari, na pembeni pameandikwa neno moja: Nimesamehe. Tulipomtazama, mzee akasema, "Huyo kishatangulia mbele ya haki, Mwalimu. Nimdai nani tena?"

Tukaona rafu zake zilivyo tupu, tukasema kwa huruma, "Yale maduka makubwa yamekuua, mzee wetu." Akatikisa kichwa, akasema polepole, "Duka langu halikuuliwa na majumba yale. Limeuliwa na hili daftari."

Tufikiri maneno hayo. Mtaji wa yule mzee haukuibwa na tajiri wa mjini. Umo majumbani mwetu, tumekwisha kuula na kuusahau. Kila mmoja aliona deni lake ni dogo, na kweli ni dogo. Lakini madeni madogo ya watu arobaini ni magunia ya mchele ambayo mzee hawezi kuyanunua tena. Leo mlango mmoja wa duka lake amemkodisha kijana anayetuma fedha kwa simu. Mlango wa pili hufunguliwa asubuhi tu.

Hili ndilo tunalotaka kulisema. Dhambi si kununua katika duka kubwa. Dhambi ni kumpelekea mgeni fedha taslimu, na jirani kumpelekea maneno matupu. Tunamheshimu asiyetuamini, maana pale mlangoni pana mlinzi, na ukikosa fedha unarudisha kitu mahali pake. Yule aliyetuamini ndiye tunayemfanyia dharau. Tumeyageuza mapenzi ya jirani kuwa mahali pa kuponea. Mwenye hekima wa Mithali alituona tokea mbali.

Na hapa Mangapwani tunalo funzo lililochongwa katika jiwe. Wote mnajua kwamba Kanisa Kuu letu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Amosi, katika ile aya ya 6, anataja watu waliowanunua maskini kwa fedha, na wahitaji kwa thamani ya jozi ya viatu. Hayo yalitendeka kwetu, mchana, penye mnada. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa. Askofu Edward Steere alilisimamia jengo hilo, naye akazikwa humo mwaka 1882, nyuma ya altare. Wazee walitupokeza kwamba altare ile imesimama mahali pa mti waliofungiwa watu kupigwa mijeledi. Tunapopiga magoti kuupokea Mwili na Damu ya Bwana, tunapiga magoti sokoni.

Lakini je, biashara ile ilikwisha siku soko lilipofungwa? Nendeni pwani ya Mangapwani mkatazame vile vyumba viwili vilivyochimbwa katika jiwe la matumbawe, chini ya ardhi, na ngazi zake. Wazee husimulia kwamba soko lilipofungwa mjini, wafanya biashara waliwaficha watu humo, wakingoja usiku wapate kuwapakia majahazini. Sheria ilibadilisha mahali. Mioyo haikubadilika, ikachimba shimo. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku Unguja mpaka mwaka 1897.

Hatulinganishi deni la sukari na maovu yale. Mungu atuepushe na maneno mepesi juu ya mateso ya wale watu. Tunataka kuonyesha jambo moja tu: jengo jipya haliufanyi moyo mpya. Unaweza kuvunja kibanda ukajenga ghorofa yenye vioo, na dhuluma ikahamia humo pamoja na mizigo. Na unaweza kuona mahali palipo na aibu kupita pote, Mungu akapafanya altare. Mambo yote mawili yametokea katika kisiwa chetu kimoja.

Basi tufanye nini? Kwaresima ni wakati wa kujihoji, nasi twashauri mambo matatu yaliyo mepesi kutamkwa na mazito kutendwa.

Kwanza, kila nyumba ikumbuke inadaiwa na nani. Tusiangalie benki peke yake. Tumkumbuke mwenye duka, muuza samaki wa diko, fundi cherehani, mama wa maandazi, kijana aliyetulimia shamba. Tuandike majina yao. Anayeweza kulipa na alipe kabla ya kuja kupokea Sakramenti siku ya Pasaka. Asiyeweza na aende mwenyewe, kwa miguu yake, aseme, "Sijasahau, nitalipa kidogo kidogo." Mdai huumizwa na deni, lakini huumizwa zaidi na kukimbiwa.

Pili, tukinunua mjini tusiwaache kabisa walio jirani. Hatumlazimishi mtu kununua kila kitu kijijini kwa bei ya juu, kwani wengi wetu fedha zetu ni za kuhesabu. Lakini chumvi, viberiti na mkate wa kesho havihitaji nauli. Siku ya mvua kubwa, au ya mgonjwa usiku wa manane, duka la mjini halitasikia hodi yetu.

Tatu, katika maduka makubwa tukumbuke kwamba waliomo ni watu. Binti aliyesimama tangu asubuhi akipokea fedha ni mtoto wa mtu, labda wa jirani yetu. Tumsalimu. Na ninyi ndugu mnaofanya biashara, wadogo kwa wakubwa, msikilizeni Amosi: mizani yenu iko mbele za Mungu siku sita, kama ilivyo mikono yenu siku ya Jumapili. Mwenye kuajiri na alipe mshahara kwa wakati wake, maana daftari la yule mzee lilianza kujaa kwa sababu mishahara yetu ilichelewa.

Mjukuu wetu sasa anajua kwa nini tulipita shambani siku ile. Tulimwambia kweli, tukamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tumekwisha kulipa. Tulimjibu kwamba tumelipa kurasa mbili, na ya tatu tutaimaliza mwezi huu. Siku hizi tunashuka penye kituo chetu, tunapita mbele ya baraza na mifuko yetu mikononi, na mzee hutukaribisha benchini kama zamani. Hakutusuta hata mara moja. Hilo nalo ni deni, nalo hatuoni namna ya kulilipa, isipokuwa kwa kumtendea hivyo mtu mwingine.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyepageuza mahali pa mnada wa watu pawe mahali pa Sadaka takatifu, ugeuze na mioyo yetu. Ubariki mikono inunuayo na mikono iuzayo katika kisiwa hiki, ya Wakristo na ya Waislamu. Utukumbushe wale tunaowakimbia. Utupe ujasiri wa kupita njia ya dukani. Kwa Yesu Kristo, aliyelipa deni lisilokuwa lake. Amina.

Neema na ikae nanyi nyote.