Umeliokoa na Nini?



Mwenzetu mmoja wa Kasese, magharibi ya Uganda, aliniletea mawe mawili, akijua udhaifu wangu wa kukusanya mawe. Moja ni bonge la chumvi ya Ziwa Katwe. La pili ni kipande cha mrututu, buluu kama wino. Alisema kijana mmoja alikibandua ukutani, ndani ya handaki la Kilembe, mgodi wa shaba uliofungwa mwaka 1982.

Adui wa mawe haya ni maji. Hewa ya Durban miezi ya joto ni nzito, na unyevu ukipita asilimia 75 chumvi huanza kutoa jasho. Nikayafungia yote mawili koponi pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Chumvi ikapona. Mrututu ukapauka na kuanza kumomonyoka, maana wenyewe umeumbwa na maji ndani yake. Ukiyanyonya, umeua jiwe. (Mke wangu aliuliza kama sasa nitayapangia vyumba mbalimbali.)

Wageni nilikuwa nawaambia kwa majivuno kwamba nimeyaokoa, kwani yangebaki huko yangeyeyuka. Jioni moja yule bwana wa Kasese akanishika: "Umeliokoa na nini, kaka?"

Mrututu huota pale maji yanapopita kwenye mwamba wenye shaba na salfa, kisha yakakauka. Ukiyeyuka haupotei, unateremka. Mabaki ya mgodi ule yamerundikwa kando ya mto Nyamwamba, na shaba yake imekuwa ikiingia mtoni. Mto huo ulifurika mwaka 2013, na tena 2020, ukabomoa nyumba na kuua watu. Kwangu hili ni jiwe adimu. Kwa anayechota maji bondeni, kilichomo ndani yake si adimu hata kidogo.

Wapo watakaosema mkusanyaji hana kosa: hakuchimba yeye, hakuchafua mto. Nakubali, lakini haitoshi. Mimi ndiye niliyetumia neno "kuokoa". Yule kijana aliingia chini ya paa ambalo halijulikani linashikiliwa na nini, na mimi nilishukuru jiwe tu. Sikuuliza jina lake, wala alilipwa kiasi gani.

Jumapili nimempigia simu yule bwana, aniulizie. Mrututu nimeuhamishia kopo lake peke yake, bila vipakiti. Wageni wakiuliza, nawaambia umetoka wapi na nani aliubandua, ingawa jina bado sinalo.