Kosa ni la Nani?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea naomba ufanye jambo dogo. Chukua kalamu uandike neno ng'oa. Sasa futa ile alama ndogo iliyoning'inia kati ya g na o. Umebaki na nini? Umebaki na ngoa. Na ngoa si kung'oa; ngoa ni wivu, ule ambao watu wa pwani husema fulani analia ngoa. Alama moja tu, ndogo kuliko kiroboto, na maana imeshahama. Alama hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, na ndiyo iliyonifikisha kwenye swali ninalotaka tulitazame pamoja: mtu akishindwa kukitumia kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake, kosa ni la nani?

Mimi nina kibanda cha steshenari jirani na stendi ya mabasi hapa Shinyanga. Natoa fotokopi, napiga picha za paspoti, nachapa barua, na zaidi ya yote najazia watu fomu za kwenye intaneti. Siku hizi kila kitu fomu. Kuomba chuo fomu, kuomba kazi fomu. Mtu anakuja na bahasha yake ya kaki, anakaa kwenye benchi, mimi nabonyeza. Kwa fomu moja natoza shilingi elfu tatu. Ndiyo ugali wangu huo, sina haja ya kuficha.

Siku moja akaja mama mmoja na binti yake. Walikuwa wametoka kijijini na basi la alfajiri, vumbi bado liko kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tumeambiwa wewe ndiye unayejua mambo ya mtandao."

Nikavimba kichwa kidogo, kwa nini niseme uongo. Binti alikuwa anaomba nafasi ya masomo katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Jina lao la ukoo linaanza na Ng', kama majina mengi ya huku Usukumani, ambako mwana mwenyewe huitwa ng'wana. Nikaliandika kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Nikabonyeza kuendelea. Ukurasa ukarudi na maandishi mekundu: Jina batili.

Mama akainama kuchungulia kioo. "Inasemaje?"

"Inasema jina ni batili."

Akanyamaza kidogo. "Batili namna gani, baba? Hilo jina la babu yake."

Nikacheka kile kicheko cha fundi aliyezoea. Nikaifuta ile alama. Wekundu ukatoweka, ukurasa ukapita, tukamaliza, nikapokea elfu tatu yangu, wakaondoka wakinishukuru.

Baada ya wiki tatu walirudi. Ombi lilikuwa limekataliwa: jina lililojazwa halilingani na jina lililo kwenye vyeti. Na mimi, jamani, mimi niliyeifuta ile alama kwa kidole changu mwenyewe, nikatamka maneno haya: "Mama, mmekosea jina."

Angenigombeza ningepona. Hakunigombeza. Alisema, "Utusamehe baba, sisi hatukusoma."

Ikabidi waende kwa wakili kuandikiwa hati ya kiapo. Binti akaapa, kwa sahihi na muhuri, kwamba mwenye jina lenye alama na mwenye jina lisilo na alama ni mtu mmoja. Yaani aliapa kuwa yeye ni yeye. Mbuzi aliuzwa kwa ajili ya kiapo hicho. Na hati ilipopatikana, dirisha la kwanza la maombi lilikuwa limeshafungwa, binti akakaa nyumbani kusubiri la pili.

Usiku ule nilijiuliza: kosa hili lilianzia wapi? Nikaanza kuulizia kwa washikaji waliosomea kompyuta, na jibu likawa la kushangaza kwa udogo wake. Taarifa nyingi duniani hutunzwa kwenye hazina zinazozungumza lugha iitwayo SQL, iliyoanza kubuniwa miaka ya 1970 katika kampuni ya IBM. Katika lugha hiyo, ile alama yetu ndiyo huonyesha maneno ya mtu yanapoanzia na yanapoishia. Ukiandika Ng', kompyuta isiyoandaliwa vizuri hudhani umemaliza kusema, na yanayofuata huyachukua kuwa ni amri. Wezi wa mitandao waliligundua hilo zamani, wakawa wanapenyeza amri zao kupitia kwenye kisanduku cha jina. Basi mtengenezaji mwenye haraka, akiogopa wezi, huona njia ya mkato: alama hii ipigwe marufuku, mambo yaishe.

Tusimwonee mtengenezaji. Hofu yake ni ya kweli, na pengine bosi alikuwa amemsimamia kichwani. Lakini dawa nyingine ipo, na ipo kwa miaka mingi: kutenganisha amri na maneno ya mtu, ili jina libaki jina hata likiwa na alama kumi. Dawa hiyo inamtaka kazi zaidi kidogo. Hakuifanya. Na kazi ambayo hakuifanya haikuyeyuka, bwana. Ilisafiri kwa waya kutoka ofisini kwake, ikapita kibandani kwangu, ikaenda kumkuta mama mmoja kijijini na kumng'oa mbuzi wake kambani.

Wala si sisi peke yetu. Waairishi wenye majina ya O' wamekumbwa na mkasa huu huu. Na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025 baada ya kuandika vitabu vinavyosomwa dunia nzima, laiti angeketi kwenye benchi langu siku ile, ukurasa ule ungemwambia bila haya: Jina batili.

Kuna kisa kimoja cha vita ambacho sichoki kukisimulia kijiweni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege kubwa za B-17 walianza kufanya jambo la ajabu. Mtu anatua salama, ndege iko chini, halafu ghafla anakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Ripoti zikaandikwa: kosa la rubani. Sasa hawa walikuwa watu waliofundishwa, wengine wametoka kupigwa mizinga angani wakarudi. Iweje wote wawe wazembe kwa namna moja? Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kutazama ndani ya ndege badala ya kutazama ndani ya vichwa vya marubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vile vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua zimekaa ubavu kwa ubavu, zinafanana kama pacha. Mtu aliyechoka, mkono ukitafuta hii, ukashika ile. Dawa yake haikuwa hotuba wala adhabu. Swichi ya magurudumu ikapachikwa kigurudumu kidogo cha mpira, ile nyingine ikapewa umbo la kabari, mkono ukawa unajua wenyewe. Hadi leo mpini wa magurudumu katika ndege za abiria una umbo la gurudumu.

Nachokipenda katika kisa hiki si ule ujanja wa kigurudumu, ni kule kuhama kwa swali. Watu wote waliuliza, "Rubani ana kasoro gani?" Chapanis akauliza, "Swichi ina kasoro gani?" Kwa kuhamisha swali tu, aliwarudishia heshima yao watu waliokuwa wameshaandikwa wazembe.

Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea ile kata na bandika tunayoitumia kila siku, alikuwa na wazo ambalo nalifuata hapa. Aliona kwamba kila programu ina ugumu fulani usioweza kuondolewa. Linalobaki ni kuamua nani ataubeba, mtengenezaji au mtumiaji. Nami naongeza la kwangu: kuamua huko si jambo la ufundi tu, ni jambo la utu. Ugumu ni kama gunia la mahindi. Anayejua asipolitwika, litatwikwa asiyejua. Na kibaya zaidi, asiyejua hatajua hata kwamba ametwikwa. Atadhani shingo yake ndiyo dhaifu. Atasema, utusamehe baba, sisi hatukusoma. Fedha ya mbuzi inaweza kurudi. Lakini ukishamfanya mtu aamini kwamba ujinga ni wake ilhali uzembe ni wako, umemwibia kitu ambacho hakuna wakili anayeweza kukirudisha kwa muhuri.

Kuna watakaoniambia, "Basi unachotaka ni urahisi." Hapana, nisieleweke vibaya. Urahisi nao una unafiki wake. Tazama zile programu za mikopo ya kwenye simu. Kukopa ni kubonyeza mara mbili, hata mtoto anaweza. Masharti ya riba yako wapi? Yamelala chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi. Hapo mlango umepakwa mafuta ili uteleze kuingia, na gunia linakusubiri njia ya kutokea. Kwa hiyo kipimo changu si urahisi. Kipimo changu ni hili: aliyekitengeneza kitu, je, alimwona huyu atakayekitumia kuwa ni mtu? Alifikiri jina lake, macho yake, uchovu wake?

Sasa nifike kwangu, maana mnyooshea kidole mwenzake, vitatu vinamwelekea mwenyewe. Mtengenezaji wa ukurasa ule hakumwona mama. Mimi nilimwona. Alikuwa mbele yangu, nasikia hadi pumzi yake. Yeye alikosea kwa kutojua kuwa kuna ng'wana duniani. Mimi nimezaliwa humu humu. Kwa nini basi nilisema mmekosea? Nadhani ni kwa sababu ile fomu na mimi tuko upande mmoja. Ikiwa ngumu, mimi napata wateja. Kurasa zote zikiwa za kiungwana, watu watajaza wenyewe kwa simu zao, benchi langu litakaliwa na kuku. Ninakula kutokana na ukali wa fomu, kama dalali anavyokula kutokana na mlango uliofungwa. Na mwenye kula kwenye mlango uliofungwa hawezi kuwa wa kwanza kuuliza kwa nini umefungwa. Anachofanya ni kumwambia aliye nje: wewe ndiye usiyejua kubisha hodi.

Nimejaribu kubadilika, ingawa si sana. Siku hizi maandishi mekundu yakitokea simwambii mteja umekosea. Namwambia, "Fomu hii haijui kuandika jina lako." Ni sentensi moja, haina gharama, lakini nimeona mabega ya watu yanavyoinuka wakiisikia. Jina likigoma, sifuti alama kimya kimya; namweleza mwenyewe hatari iliyopo, tunawapigia wahusika simu kwanza, wasipopokea tunaandika barua na kubaki na nakala. Mwenye kurudishiwa fomu kwa kosa lisilo lake, simtozi mara ya pili. Wenzangu wa stendi wananicheka, ati nafanya biashara au nafanya sadaka?

Yule mama nilimrudishia elfu tatu yake aliporudi na hati ya kiapo. Alikataa kuipokea mpaka nilipomweleza kuwa alama niliifuta mimi. Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo jina letu ni zima?"

"Ni zima, mama. Halijawahi kuwa batili."

Akaifunga ile pesa kwenye pindo la kanga, akamwita binti yake, wakaenda kukaa chini ya mti kungoja basi. Tulipojaza tena dirisha la pili, kisanduku cha jina kilikuwa bado kinakataa ile alama. Tuliambatanisha hati ya kiapo, ikapokelewa.

Nimewaandikia wenye ukurasa ule mara mbili, sijajibiwa. Nitaandika ya tatu. Nawe msomaji, kama ni fundi wa mitandao, karani, mwalimu au unachonga tu milango ya mbao, nakuachia swali lile lile: gunia ulilolitua jana kwa kuona zito, nani amelibeba leo?