Maji Ndani ya Nyumba Isiyo na Paa
Somo: Kutoka 21:33-34; Kumbukumbu la Torati 22:8



Mwaka jana nilianza mjengo mdogo huku kwetu Kakamega. Msingi ukaisha, slabu ikamwagwa, kuta zikafika kwenye linta, halafu pesa ikaisha. Wengi wenu mnaijua hiyo hadithi. Mahubiri ya kawaida hapo ni Luka 14, yule mtu wa mnara ambaye hakupiga hesabu. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo andiko hilo limenichapa vya kutosha. Leo tuongee kuhusu maji.

Mvua yetu ya mchana mnaijua. Nyumba haina paa, na mlangoni nilikuwa nimejenga matofali hadi kiunoni ili ng'ombe wa watu wasiingie. Maji yakaingia kwa juu, yakakosa pa kutokea. Yakasimama vyumba vyote, yakawa ya kijani, na viluwiluwi wa mbu wakajaa.

Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Si simiti inapenda maji?" Na sikudanganya. Fundi huilowanisha slabu mpya siku saba au zaidi ili ishike vizuri. Lakini mimi nilikuwa bado nasema hivyo miezi mitano baadaye. Neno lililokuwa kweli wiki ya kwanza nililigeuza kuwa kisingizio.

Jioni moja jirani yangu alinisimamisha njiani. Mtoto wake mdogo alikuwa ametoka hospitali, malaria. Hakunigombeza. Alisema tu, "Pasta, yale maji ya pale kwako utayatoa lini?" Nikamwambia nangoja pesa ya mabati. Akasema, "Haya, Pasta," akaenda zake.

Usiku huo moyo wangu ukawa wakili wangu. Mvua sikuileta mimi. Mbu huku kwetu wako kila mahali. Nani atathibitisha kwamba aliyemuuma yule mtoto alitoka kwangu? Na ni kweli, hakuna anayeweza. Sasa, ndugu yangu, swali ni hili: je, mtu ana deni kwa madhara ambayo hakuyakusudia, na ambayo hakuna wa kumthibitishia?

Nilifungua Kutoka 21. Mtu akiacha shimo wazi, na ng'ombe au punda wa mwingine akatumbukia, mwenye shimo analipa. Haulizwi kama alikuwa na nia mbaya. Kisha Kumbukumbu la Torati 22 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asianguke akafa. Angalia vizuri: huo ukingo unajengwa kabla mtu yeyote hajaanguka. Mungu hangoji ushahidi wa maiti. Mahakama inahitaji ushahidi ili kuhukumu, lakini upendo hauhitaji ushahidi ili kuchukua jembe.

Darasani tulifundishwa kwamba kuna gharama ambayo haionekani kwenye vitabu vya mwenye biashara, kwa sababu inalipwa na mtu mwingine. Kiwanda kinamwaga taka mtoni, wa chini ndiye anayeumwa tumbo. Nilijibu vizuri kwenye mtihani. Kumbe mjengo wangu ulikuwa kiwanda hicho.

Mtu ataniuliza, "Pasta, tukibeba kila lawama si tutavunjika?" Ni kweli, na sisemi ubebe lawama ya mvua. Beba ile sehemu ambayo mkono wako unafika.

Jumamosi nilienda na ndoo mbili, ufagio na jembe. Nikabomoa tofali za chini pale mlangoni, nikachimba mtaro kuelekea migombani. Maji mengi yakatoka yenyewe. Ya kwenye pembe tukayateka na kufagia. Kufikia saa sita tulikuwa tumemaliza. Shilingi niliyotumia ni ya chai ya kijana aliyenisaidia. Hiyo kazi haikuwahi kungoja mabati. Yai la mbu huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi nilivifuga kwa miezi mitano.

Kisha nikaenda kwa yule mama. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemuuguza mtoto, maana hilo silijui. Nilimwambia, "Nilikusikia, na nilichelewa. Nisamehe." Akanikaribisha chai.

Jumanne mvua ikanyesha tena. Paa bado sina, lakini maji yalipita pale mlangoni yakaenda zake.

Wiki hii, mpendwa, zunguka mjengo wako. Kuna jambo unaloliahirisha ukisema "pesa ikipatikana" au "mambo yakitulia," na jirani, mke au mfanyakazi wako ndiye analipa. Uliza: hili kweli linangoja mabati, au linangoja ndoo?

Tuombe: Bwana, tuonyeshe maji tuliyoyazoea, na utupe mikono ya kuyatoa kabla ya mtu kuumia. Amina.