Mikono Midogo Isifungwe

Somo: Kutoka 31:1–6



Katika somo hili twamwona Bezaleli wa kabila la Yuda, ambaye Mungu alimwita kwa jina na kumjaza Roho yake. Yafaa tuangalie alijazwa kwa kazi gani. Hakupewa upanga wa vita, wala hakuwekwa mbele ya watu ahubiri. Alipewa akili ya kubuni, na ustadi wa kufua dhahabu na shaba, wa kukata vito na kuchonga miti, ili hema ya Bwana ipate kupambwa. Basi ustadi wa mikono ni karama, nao watoka kwa Mungu mwenyewe.

Wako Wakristo wasemao, Je, Mungu hakukataza sanamu? Naam, alikataza katika kitabu kile kile, sura ya 20. Lakini kilichokatazwa ni kukisujudia kitu kilichofanywa. Mkono ufanyao haukulaaniwa. Neno hili latupasa sisi watu wa kusini kulijua kuliko wengine. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wamejulikana duniani kwa kuchonga mpingo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za baiskeli, na leo uchoraji ule waitwa kwa jina lake hata ng'ambo ya bahari.

Lakini mikono ya mafundi haianzi na patasi. Huanza wapi? Huanza katika mwaka wa pili wa maisha, mtoto ashikapo kipande cha mkaa kwa kiganja chote na kuchorachora ukutani. Sisi tunaotembea vijiji vya pwani, tangu Mikindani hata Msimbati karibu na mlango wa Ruvuma, twaona yampatayo mtoto huyo: hupigwa kofi, akaambiwa amechafua nyumba. Na katika shule ya Jumapili huamriwa kufumbata mikono na kukaa kimya kama jiwe. Hivyo karama ya Bezaleli yazimwa kabla haijawaka.

Tujue basi yanayotendeka ndani ya mtoto huyo. Kufikia miaka 3 ubongo wake umekwisha kufikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, nao hukua kwa yale ayaonayo, ayasikiayo na ayashikayo. Kwanza mistari yake haina njia. Karibu na miaka 2 aweza kuiga mstari ulionyoka. Karibu na miaka 3 aweza kuiga duara. Kisha siku moja auonyesha mchoro usiofanana na kitu, asema, Huyu ni mama. Tusimcheke, ndugu, maana amevuka mto mkubwa: amejua ya kuwa alama yaweza kusimama mahali pa kitu. Ndiyo njia ile ile itakayompeleka kwenye herufi, na kwa herufi kwenye Neno la Mungu. Na vidole vilivyokanda udongo ndivyo vitakavyoshika kalamu, na kufunga vifungo, na kusuka nyavu na ukili.

Jambo hili si geni katika Kanisa letu. Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri katika Ujerumani, alifungua nyumba ya watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akaiita Bustani ya Watoto. Aliwapa mipira, vipande vya mbao, udongo, na karatasi za kusuka, kwa kuwa aliamini mtoto hujifunza atendapo. Na Tanzania, mwaka 2021, serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto tangu kuzaliwa hata miaka 8. Lakini serikali haiingii jikoni mwa mama; kazi hii ni yetu.

Wala haihitaji fedha. Mpeni mtoto udongo wa mfinyanzi uliolowana, makuti ya kusuka, kifuu, mkaa na ubao wa kuchorea, na mchanga wa pwani maji yakipwa. Binzari iliyolowekwa yatoa rangi ya manjano. Kaeni naye karibu: makombe madogo humkaba koo, na maganda ya korosho mbichi yana mafuta makali yaunguzayo ngozi, basi hayo yasiwe kichezeo. Akimaliza, msimwambie, Mbuzi hawi hivi. Mwambieni, Nisimulie habari za kitu hiki. Nanyi waalimu, mkiisha kusimulia habari za safina, waacheni wadogo waifinyange kwa mikono yao.

Wazee wetu husema, Samaki mkunje angali mbichi. Wengi hulitumia neno hili kwa kuisifu fimbo. Lakini lasema habari za wakati: iko siku ambayo mkono ni laini, nayo haitarudi.

Tumtazame na Bwana Yesu. Aliitwa seremala. Aliwakumbatia watoto wachanga wanafunzi walipotaka kuwafukuza. Na Yohana, sura ya 8, atuambia ya kuwa siku moja Bwana aliinama akaandika kwa kidole juu ya nchi. Hatukuambiwa aliandika nini. Lakini mtoto wa Msimbati ainamapo mchangani na kidole chake, tusimwone kuwa mpotevu wa wakati.

Ee Mungu uliyemfinyanga Adamu kwa mavumbi, ibariki mikono midogo ya nyumba zetu, uifundishe kazi njema, na mwisho ikutukuze wewe peke yako. Amina.