Saa ya Baba Haikupakwa Rangi

Saa ya marehemu baba ni Seiko 5, ile isiyotiwa ufunguo. Huupata mwendo wake kwa kutikisika kwa mkono. Aliinunua kwa mshahara wa mkonge, akaivaa hadi shambani, jasho na masika vikauotesha uso wake madoa ya kahawia. Niliitoa Ubena Zomozi nikaipeleka Bagamoyo mjini, kwa fundi saa mmoja wa barazani. Aliifunua, akabana lenzi jichoni, akanyamaza kitambo.

"Mwanangu, niachie," akasema. "Nitaupaka uso rangi, ing'ae kama imetoka dukani leo."

Mpwa wangu, kijana anayenunua saa kuukuu akitumaini zitapanda bei, alinivuta shati. "Mjomba, usithubutu!"

Nikafundwa palepale, mtu mzima mimi. Kumbe kwa wakusanyaji, uso uliopakwa upya hushusha bei, na bodi iliyosuguliwa mpaka kingo zikalainika vilevile. Gurudumu lililotolewa kwenye saa nyingine ni dosari. Nikalitazama kopo la fundi, limejaa saa zilizokufa ambazo magurudumu yake yanatembea mikononi mwa watu mji mzima. Wanachokiita dosari ndicho kilichoziokoa saa za huku kwetu.

Hata hivyo sikumcheka kijana. Oktoba 2017, huko New York, Rolex ya mwigizaji Paul Newman ilinadiwa kwa dola 17,752,500. Wala si ya dhahabu, ni chuma. Mkewe aliichoresha mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu, maana mume alikuwa mtu wa mashindano ya magari. Nadhani aliyetoa fedha zile alinunua wasiwasi wa mke.

Na wenye ndugu Maskati huenda wamezisikia zile Rolex zenye jambia usoni, alizoagiza Sultani Qaboos awatunukie watu. Siku hizi nazo hufika mnadani, na ni jambia lile lile linalozipandisha bei. Hapo moyo wangu husita. Tumelelewa kwamba zawadi haiuzwi, na sijaona mnada wa zawadi usioanza na mtu aliyeichoka.

Nikakumbuka saa nyingine, isiyotajiwa bei. Mmisionari Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara wake, aliorodhesha vilivyokutwa masandukuni: kofia, saa moja, dira, vyombo vya kupimia. Februari 1874 watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaufikisha mwili Bagamoyo. Saa moja, basi. Hakuandika aina wala thamani. Jioni ile nilipotoka kwa fundi nilipita kwenye mnara wa kanisa la misheni nikiiwaza orodha hiyo fupi.

Fundi nilimwambia aisafishe, aitie mafuta, na kama lipo gurudumu lililokwisha achukue koponi. Uso auache na madoa yake. Kwa hiyo niliwaudhi wote wawili. Utajiri humo haumo: Seiko 5 zimetengenezwa tangu 1963, nyingi mno, na hata ukiifungia kabatini ili isichakae, siku mbili haziishi imesimama.

Naivaa mimi. Akrabu fupi ikigusa moja, nasema saa saba, kama alivyosema baba. Mpwa ameomba nimwazime siku ya Idi. Nimekubali, mradi airudishe inatembea.