Mbona tunacheza wimbo wa kilio?

Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, sisi watu wa Sengerema tulizoea kungoja. Ukikosa kivuko unakaa Busisi, unatazama maji na kusikiliza redio ya mtu mwingine. Jioni moja ikapigwa "Kifo" ya Remmy Ongala. Mama mmoja muuza dagaa akaanza kutikisa mabega, taratibu. Nilijua kwamba ziwa lilimchukulia mwanawe. Nikajiuliza: jamani, anawezaje kuucheza wimbo huu?

Wapo wanaosema wimbo wa huzuni humzamisha zaidi aliyekata tamaa. Kwamba huyo anahitaji nyimbo za kumwambia mambo yatakuwa sawa. Mimi naona kinyume. Ukimwambia aliyefiwa kuwa mambo yatakuwa sawa, mara nyingi umemfunga mdomo. Atakueleza nini tena, wakati wewe umeshamaliza mazungumzo? Remmy, mzaliwa wa Kongo aliyepata jina kubwa Dar es Salaam, hafanyi hivyo. Haji na ahadi. Anakilalamikia kifo waziwazi. Hata Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, wimbo wake aliuita "Shida" tu. Hakuipamba.

Sasa tumaini liko wapi? Nadhani halimo kwenye maneno, limo kwenye kuimba kwenyewe. Aliyekata tamaa kabisa halalamiki, ananyamaza. Anayelalamika bado anaamini yupo wa kumsikia. Halafu sikiliza bendi: mwimbaji analia, wenzake wanaitikia, gitaa linajibu, ngoma haisimami. Maneno yanasema nimebaki peke yangu, muziki unasema hujabaki.

Utaniambia watu wanacheza ili wasahau tu, wala hawasikilizi maneno. Ni kweli, wapo, na siku nyingine hata mimi ni mmoja wao. Lakini yule mama alikuwa anaimba kila neno. Hakusahau kitu. Alikuwa amepata mahali pa kuweka uchungu wake bila kuambiwa anyamaze, na sisi abiria wengine tulikuwa tunaitikia naye.

Tangu siku ile, nikienda msibani siharakishi kusema "itakuwa sawa". Nakaa. Nasikiliza. Ikihitajika, naitikia.

Na wewe msomaji, ni wimbo gani wa kilio uliowahi kukushika mkono?